Masurufu ya Kazini: Mwongozo wa Chakula cha Mchana kwa Wafanyakazi wa Tabora

Utangulizi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mfanyakazi wa Tabora anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni: mwalimu, muuguzi, fundi, dereva, mlinzi, mfanyakazi wa reli, kibarua wa mashamba ya tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge, mchimbaji mdogo wa Nzega, na karani wa ofisi za mjini. Kila mmoja wao hulazimika kuamua kila siku ale nini mchana, na apate wapi chakula kilicho salama kwa pesa aliyo nayo.

Uamuzi huo si mgeni katika nchi ya Unyamwezi. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora, kisha ikaendelea hadi Uvinza na Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ilipitisha pembe za ndovu, nguo, shanga na chumvi, na ilipitisha pia watu waliotekwa utumwani, jambo ambalo hatupaswi kulisahau. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea takriban miezi mitatu kati ya pwani na Tabora, kila mmoja akiwa na mzigo wa kilo 30 hivi. Posho yao ilihesabiwa kwa kibaba cha nafaka kwa mtu kwa siku, yaani karibu robo tatu ya kilo. Kabla ya kuingia Mgunda Mkali, pori kavu lililokuwa kati ya Ugogo na Tura, msafara ulinunua nafaka ya siku kadhaa, kwa sababu mbele hapakuwa na soko wala uhakika wa maji. Palipokuwa na mwendo mrefu usio na kisima, watu walipika na kula mapema, wakajaza vibuyu, wakaondoka mchana, wakalala porini na kuyafikia maji kesho yake.

Safari zile zilipangwa kwa hesabu ya mahali, muda na maji. Hesabu hiyo ndiyo msingi wa mwongozo huu: chakula cha kubeba kichaguliwe kwa kuangalia saa kitakapoliwa na mahali kitakapoliwa. Mchuzi uliokuwa mtamu mezani saa mbili usiku unaweza kumlaza mtu hospitalini ukiliwa saa saba mchana wa siku ya pili, baada ya kushinda mkobani.

1. Kanuni kuu: moto, kavu au baridi

Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili. Cha moto kidumu juu ya nyuzi joto 60 za Selsiasi, na cha baridi kikae chini ya nyuzi 5. Kati ya viwango hivyo viwili vijidudu huzaliana kwa kasi. Tabora joto la mchana hupita nyuzi 30 katika miezi ya Septemba na Oktoba, na ndani ya gari lililofungwa au kibanda cha bati hali huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo chakula cha kazini kiwe katika hali moja kati ya hizi tatu:

(a) Moto kabisa. Kipikwe asubuhi hiyo hiyo, kitiwe kwenye hotpoti kikiwa bado kinatoa mvuke, na kikutwe cha moto wakati wa kula.

(b) Kikavu kabisa. Hapa vinaingia karanga zilizokaangwa, matobolwa, dagaa waliokaangwa hadi wakakauka, chapati, mkate na bisi. Vyakula hivi vina maji machache, na vijidudu haviwezi kuongezeka upesi pasipo maji.

(c) Baridi kabisa. Hali hii inawezekana kwa mwenye friji nyumbani na kazini pia. Friji ya upande mmoja haitoshi.

Chakula cha vuguvugu kisibebwe. Tahadhari ya pekee ihusu wali. Mchele hubeba mbegu za bakteria zisizokufa kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa nje ukapoa polepole, mbegu hizo huamka na kutoa sumu ambayo haiondoki hata ukipashwa moto upya. Kiporo cha wali kilicholala sufuriani jikoni hakifai kupelekwa kazini, hata kama hakijaanza kunuka.

2. Vyombo vya kubebea

Hotpoti nzuri ni uwekezaji wa miaka. Ichague yenye mfuniko unaokaza na yenye ndani ya chuma kisichoshika kutu. Asubuhi, kabla ya kutia chakula, ijaze maji yanayochemka, ifunge kwa dakika tano hadi kumi, mwaga maji, kisha tia chakula mara moja. Ijae vizuri, kwa maana hotpoti iliyo nusu tupu hupoza chakula upesi. Usiifungue njiani.

Ugali na mboga vitengwe. Ugali uliofungwa pamoja na mchuzi hulowana na huchacha mapema. Chapati na maandazi yafungwe kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi au yatiwe kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Usifungie chakula kwenye gazeti, kwa kuwa wino wake huingia katika chakula chenye mafuta. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata kabla ya hapo haikufaa kutiliwa chakula cha moto. Kikapu au mkoba wa kitambaa unatosha.

Chombo chochote kilichowahi kuwa na dawa ya mimea, mbolea, mafuta ya mashine au rangi kisitumike kwa chakula wala maji, hata kikioshwa mara nyingi. Onyo hili linawahusu hasa watu wa mashambani na wa karakana.

3. Vyakula vya kubeba

Mlo wa mchana ulio kamili una chakula cha kutia nguvu, kunde au chakula kitokanacho na wanyama, mboga, na tunda. Mkoa wa Tabora una vyote hivi, na vingi kati yake vilibuniwa na wakulima wenyewe kwa ajili ya kukaa muda mrefu.

Viazi vitamu. Hapa ndipo penye hazina kubwa ya Unyamwezi na Usukuma. Michembe ni viazi vibichi vilivyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani. Hupikwa na maji, na wengi huiunga kwa karanga. Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, vikakatwa, kisha vikaanikwa. Huweza kutafunwa hivyo hivyo vikiwa vikavu. Kwa dereva wa lori, mlinzi wa zamu ndefu au mfanyakazi wa reli asiyejua atasimama wapi, matobolwa na karanga ni mlo usiohitaji moto, sahani wala kijiko. Vihifadhi mahali pakavu penye mfuniko, uvitazame kabla ya kuvila, na uvitupe vikiwa na ukungu au wadudu. Viazi vya kuchemsha vya siku hiyo viingie kwenye hotpoti vikiwa moto.

Ugali. Unga wa dona hubakiza kiini na pumba, ndiyo maana una virutubishi zaidi kuliko sembe. Ugali wa mtama unafaa vilevile. Ugali hushika joto kuliko vyakula vingi, hivyo ndio unaofaa zaidi hotpoti kwa mtu anayekula saa saba au saa nane.

Mihogo. Mihogo mitamu ya kuchemsha ibebwe ikiwa moto. Mihogo michungu isichemshwe tu na kuliwa. Inahitaji kulowekwa na kukaushwa kwa utaratibu unaoondoa sumu yake.

Kunde, choroko, maharage na njugu mawe. Zilowekwe usiku, maji yamwagwe, zichemshwe hadi ziive kabisa. Njugu mawe ni ngumu na hula kuni nyingi. Kuziloweka usiku kucha hupunguza muda wa moto. Makande ya mahindi na kunde ni mlo mzima katika chombo kimoja. Ukipika makande ya kubeba, yapike makavu kiasi na usiyaunge nazi, kwa kuwa nazi huchacha haraka.

Karanga. Ni chakula chenye mafuta na protini kwa bei ya chini, lakini zina adui mkubwa anayeitwa sumukuvu. Sumu hii hutokana na fangasi wanaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kuikaanga au kuipika hakuimalizi. Chagua karanga moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au iliyo chungu itupwe. Usimpe kuku, usiisage. Mboga iliyoungwa karanga ibebwe ikiwa moto tu, na iliwe siku hiyo hiyo.

Dagaa na samaki. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika imekuwa ikifika Tabora kwa treni. Dagaa wa Kigoma huliwa mzima pamoja na mifupa yake, ndiyo sababu hutoa madini ya chokaa kwa wingi. Waoshe, waanike wakauke, wakaange kwa mafuta kidogo mpaka wakauke, kisha wanyunyizie ndimu na pilipili. Wakibaki wakavu hivyo, hawahitaji hotpoti. Dagaa wa mchuzi ni habari nyingine. Hao waingie kwenye kanuni ya moto.

Mayai na maziwa. Yai la kuchemsha libebwe na ganda lake na liliwe mapema, au liwekwe kwenye friji. Maziwa mgando yaliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa huhimili muda kuliko maziwa ya kawaida kwa sababu ya uchachu wake. Yatiwe kwenye chupa safi na yanywewe siku hiyo hiyo.

Mboga za majani. Matembele, kisamvu, mchicha na majani ya kunde hukaangwa hadi maji yakauke kabla ya kutiwa chomboni. Wakati wa kiangazi, mboga mbichi zinapoadimika, tumia nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa. Mlenda ni mboga nzuri ya nyumbani lakini hauvumilii safari, ule jioni. Uyoga wa masika nao uliwe nyumbani ungali mpya, na ununuliwe kwa mtu anayeujua, maana sumu ya uyoga mbaya haiondoki kwa kupikwa.

Matunda. Yabebwe mazima, yameoshwa, yakatwe wakati wa kula. Miembe ya Tabora ina historia ndefu inayoungana na misafara, na msimu wake mkubwa ni kati ya Novemba na Januari. Katika miezi hiyo hakuna sababu ya mfanyakazi kukosa tunda. Nje ya msimu kuna papai, ndizi, machungwa, na matunda ya miombo kama mbula na matonga. Tunda lenye vitamini C likiliwa pamoja na kunde au majani husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai hufanya kinyume chake, kwa hiyo inywewe saa moja kabla au baada ya mlo.

Asali. Misitu ya miombo imeifanya Tabora kuwa mkoa wa asali, na mjini kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki. Asali iliyoiva haiharibiki ikihifadhiwa kwenye chombo kikavu kilichofungwa. Kijiko kimoja juu ya kiazi au mkate kinatosha kuwa kitoweo cha asubuhi. Mwenye kisukari aihesabu kama sukari nyingine.

Chumvi. Chumvi ya Uvinza ilikuwa bidhaa ya misafara tangu kale. Leo chagua chumvi iliyotiwa madini joto, na jumla ya siku isifike gramu 5, yaani iwe pungufu ya kijiko cha chai kilichosawazishwa, ukihesabu na iliyo ndani ya dagaa na vitafunwa.

Maji. Beba maji yaliyochemshwa au kutibiwa. Anayefanya kazi juani anywe kidogo kidogo tangu asubuhi, asingoje kiu.

4. Mfano wa juma moja

Jumatatu: ugali wa dona kwenye hotpoti, dagaa wakavu, matembele yaliyokaangwa, chungwa.

Jumanne: makande ya mahindi na kunde, mchicha, ndizi mbivu.

Jumatano: viazi vitamu vya moto, kichupa cha asali, maziwa mgando, papai dogo litakalokatwa kazini.

Alhamisi: wali wa Igunga au Nzega uliopikwa alfajiri hiyo, choroko, kisamvu, embe. Mlo huu uliwe saa sita, usicheleweshwe.

Ijumaa: kwa Waislamu wanaokwenda kuswali, mlo husogea hadi saa nane. Siku hii inafaa vyakula vikavu: chapati, dagaa, karanga, matobolwa, tunda. Hakuna kitakachoharibika mtu akiwa msikitini.

Jumamosi, kwa wenye zamu: michembe iliyoungwa karanga, yai lililohifadhiwa baridi au dagaa, machungwa.

Kiasi kipimwe kwa kazi. Mtu anayebeba mizigo au kulima anahitaji chakula cha nguvu zaidi kuliko anayeketi ofisini siku nzima. Aliyeketi apunguze ugali, aongeze mboga na kunde.

5. Maandalizi, gharama na kusaidiana

Kazi ya usiku iwe ya maandalizi na ya asubuhi iwe ya moto. Jioni loweka kunde, chambua karanga, osha na katakata mboga, kaanga dagaa, safisha hotpoti. Alfajiri washa moto mara moja tu: maji ya chai, ugali, mboga. Mwenye friji anaweza kupika usiku, lakini chakula kisambazwe kwenye chombo kipana ili kipoe upesi, kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na asubuhi kichemke kweli kabla ya kufungwa.

Mzigo huu usiachiwe mtu mmoja ndani ya nyumba. Katika kaya nyingi mama ndiye anayeamka wa kwanza, naye pia ana kazi ya kwenda. Baba anaweza kusonga ugali, na vijana wanaweza kuchambua karanga na kuosha vyombo. Anayekula chakula cha kubeba ashiriki kukiandaa.

Kuhusu gharama, andika kwa juma moja kila shilingi unayotoa kwa chakula cha mchana, vitafunwa na soda. Juma linalofuata andika gharama ya unga, kunde, dagaa, mboga na mkaa ulioongezeka. Linganisha mwenyewe kwa bei za soko lako. Ununuzi wa jumla wakati wa mavuno hupunguza gharama zaidi: viazi vya kukausha, karanga na kunde za msimu ni akiba ya miezi.

Mwongozo huu haumpingi mama ntilie. Amelisha wafanyakazi wa mji huu kwa miaka mingi, na ugali wake wa moto ni salama kuliko kiporo chako kilichopoa. Asiye na nafasi ya kupika alfajiri anaweza kubeba dagaa, karanga na tunda, akanunua ugali na mboga za moto kwake. Hivyo hata bajeti ndogo itatoa mlo kamili.

Wafanyakazi wa sehemu moja wanaweza pia kupika kwa zamu. Wapagazi waligawanyika katika vikundi, kila kikundi na sufuria yake, mmoja akitafuta kuni, mwingine maji, mwingine akipika. Walimu watano wa shule moja wakikubaliana, kila mmoja atapika siku moja tu kwa juma.

6. Tahadhari kwa kazi maalumu

Mashamba na maghala ya tumbaku. Majani mabichi huacha nikotini mikononi na kwenye nguo, na dawa za kuulia wadudu hubaki kwenye ngozi. Nawa kwa maji na sabuni hadi kwenye viwiko, vua nguo ya juu, na ule chakula mbali na shamba na ghala. Chakula kisitundikwe ndani ya bani la kukaushia.

Uchimbaji mdogo. Zebaki inayotumiwa kunasa dhahabu hugeuka mvuke inapochomwa, nao mvuke huo hutua kwenye chakula na maji. Usipike wala kula panapochomwa dhahabu, na usitumie sufuria ya kazi hiyo kwa jambo lingine.

Karakana na reli. Grisi na mafuta yaondolewe kwa sabuni, si kwa petroli. Chakula kiwekwe mbali na betri na rangi. Kwa safari za Mwanza, Kigoma au Mpanda, ambapo treni huweza kuchelewa, beba mlo wa pili ulio mkavu.

Hospitali na zahanati. Chakula kisiingie wodini wala kwenye friji ya chanjo na dawa. Zamu ya usiku igawe mlo mara mbili: mkubwa mwanzoni, mdogo kabla ya alfajiri.

7. Haki ya mapumziko na wajibu wa mwajiri

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano mapumziko ya angalau dakika 60. Mwajiri anaweza kumtaka afanye kazi katika muda huo iwapo tu kazi hiyo haiwezi kuachwa bila mtu au haiwezi kufanywa na mwingine, na muda huo hulipwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo inamdai mwajiri maji safi ya kunywa na mahali pa kunawia.

Juu ya hayo ya kisheria, mwajiri mwema atenge chumba au kivuli chenye meza, rafu ya kuweka hotpoti mbali na jua, na pipa la taka lenye mfuniko. Viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi walipeleke suala hili mezani kama wanavyopeleka la mshahara, kwa kuwa kuhara kwa siku tatu kunamnyang'anya kibarua ujira wa siku tatu.

Chakula kizuri kilichoandaliwa alfajiri kwa jasho la familia huharibiwa kwa dakika moja na mkono mchafu. Kwa hiyo mwajiri wa Tabora mwenye uwezo wa kufanya jambo moja tu mwaka huu aanze na hili: maji yanayotiririka na sabuni, hatua chache kutoka mahali watu wake wanapokula.